Makandi Yupi

Mitunguu
Jumanne, 4 Februari 2025
Asubuhi: jua kali tangu lichomoze, hakuna wingu, upepo wa vumbi kutoka upande wa Tharaka.

Kwa jina langu, Makandi,

Nakusalimu. Mimi ni mzima na Kajuju ni mzima. Baba yako nilimwona kanisani Nkubu Jumapili. Kikohozi kimepungua, ila hataki kuambiwa avae sweta. Aliniambia, "Celina, mimi si mtoto." Nikamwambia watoto huvaa.

Najua utacheka ukiona nimeanza na hali ya hewa. Ni mazoea ya shajara. Tangu nimalize kidato cha nne siku yangu huanza hivyo, na humalizika kwa saa niliyolala. Mambo ya katikati ndiyo hunishinda kuyaandika wakati mwingine.

Zamu yetu ya maji ya mfereji imerudi Alhamisi, kwa hiyo ndizi za shamba la chini zimenyanyua majani. Mkungu mmoja ulikuwa mzito hadi mti ukalala, na Kajuju akausimamisha kwa nguzo na kamba ya nguo. Sasa hatuna pa kuanika. Ng'ombe sasa ni wawili. Wa pili ni mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, mpole sana, anakula maganda mkononi.

Habari kubwa ni ya huyo binti yangu Kajuju. Kobia, mwana wa mzee Gedion Riungu wa malori ya mchanga, alileta watu wake hapa Desemba, na Januari sisi tukaenda kuona kwao. Tulipokelewa vizuri. Harusi itakuwa Agosti, Mungu akipenda.

Sasa lile nililoanza kukuambia kwa simu ukanikatiza. Ulisema, "Tata, hilo usilimalize. Kama ni lazima, liandike." Basi naliandika. Mzee Riungu ana kesi mbele yako. Kuna mjane huko Kiambere anaitwa Wanjira, anasema malori ya Riungu yamechimba mchanga wa ukingo wa mto mpaka shamba lake linaporomoka. Riungu anasema walipatana na marehemu mume wake. Mimi sijui ukweli uko wapi. Sikuombi kitu. Nakujulisha tu kwamba watu hawa sasa ni wetu, usije ukashangaa kuniona nimeketi nao.

Jana nililala saa nne.

Shangazi yako,
Celina Makandi


Embu
Ijumaa, 21 Februari 2025

Kwa Tata,

Salamu nyingi kwako, shangazi yangu, na kwa Kajuju. Mwambie nimefurahi kwa ajili yake, na mwambie pia kamba ya kuanikia nguo nitamletea. Mimi ni mzima. Nyumba niliyopewa ina paa linalovuja, lakini mvua haijanyesha bado, kwa hiyo tunasikizana.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nifanye jambo kwanza ndipo nikuambie.

Umeandika kwamba huniombi kitu. Nakuamini. Lakini Tata, hata kunijulisha ni kitu. Kabla ya barua yako Riungu alikuwa jina kwenye faili. Sasa ni baba mkwe wa Kajuju. Nikimpa haki, mjane atasema ni undugu. Nikimnyima, wewe utaketi vipi mezani kwao? Haya ni maswali ambayo hakimu hapaswi kuwa nayo kichwani anaposikiliza watu, na sasa ninayo.

Katiba inasema sisi hatuko chini ya amri ya mtu yeyote, ila Katiba yenyewe na sheria. Watu hudhani maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya wakubwa wa serikali. Tangu niajiriwe sijapigiwa simu na waziri hata mmoja. Wanaonipigia ni watu wa kwetu.

Kwa hiyo Jumatano, kabla shahidi yeyote hajaitwa, niliwaambia pande zote mbili. Nilisema: binti ya shangazi yangu anaolewa na mwana wa mshtakiwa huyu. Mwenye shaka aseme, nitatoka, na kesi ipewe mwingine. Wakili wa Riungu alisema hana neno. Mama Wanjira hana wakili. Karani alimtafsiria kwa Kimbeere, naye akanigeukia. Akasema, "Huyu amejisema kabla sijaambiwa na wengine. Aendelee. Nikienda kuanza upya kwingine, mvua itanikuta na mto uko mlangoni."

Kisha akaniuliza swali moja. "Ni hilo tu?"

Nikamjibu, mbele ya watu wote, kwamba ni hilo tu.

Sasa nalileta swali lake kwako. Ni hilo tu, Tata? Kama kuna kingine, niambie sasa, nirudi nikaseme. Hukumu haitasomwa kabla ya mwezi wa tano, kwa hiyo nafasi ipo. Na mpaka wakati huo tusipigiane simu. Tuandikiane tu, na tuandike maneno ambayo Mama Wanjira angeweza kuyasoma.

Wako,
Makandi


Mitunguu
Jumanne, 11 Machi 2025
Asubuhi: mawingu upande wa mlima, joto, matone machache yasiyolowesha vumbi.

Kwa jina langu, Makandi,

Nakusalimu. Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembeni, sijui walioibeba walikuwa wanafanya nini nayo. Nilimsomea Kajuju ukurasa wa kwanza. Kamba anaingoja.

Tumeanza kutayarisha shamba la maharagwe ili mvua ikija isitukute tumeketi. Baba yako ameteua kamati ya harusi bila kumwuliza mtu, na amejifanya mwenyekiti. Kanisani wamenichagua tena kuwa katibu wa akina mama kwa sababu wanasema mwandiko wangu unasomeka. Bei ya ndizi si mbaya. Jirani yetu amechimba bwawa la samaki na ndege wamekula wote.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeniandikia kama mwalimu mkuu, lakini sikulaumu, ndiyo kazi yako. Baba yako alipokupa jina langu, watu waliniambia, "Celina, sasa uko mara mbili." Sijawahi kufanya jambo la kulichafua jina hilo nikikusudia.

Kuhusu swali ulilouliza. Tulikwenda kwa Riungu, tukala, kama wageni wanavyokula, tukarudi. Ni hilo tu.

Mtamba anaendelea vizuri. Jana nililala saa saba.

Shangazi yako,
Celina Makandi


Embu
Ijumaa, 16 Mei 2025

Kwa Tata Celina,

Nakusalimu. Baba amenipigia, anasema mvua ni nzuri huko juu. Hapa pia imenyesha, na paa limefanya kama nilivyotarajia.

Jumatano hii niliingia kortini na hukumu mkononi. Sasa kurasa zake ziko ndani ya droo na hakuna atakayezisoma. Sitakuambia zilisema nini, leo wala siku nyingine.

Kabla sijafungua mdomo, binti ya Mama Wanjira, anaitwa Lydiah, alisimama. Hakupiga kelele. Alisema wametumiwa video kwa simu na mtu aliyekuwa kwenye sherehe, na angependa korti iisikie. Nilimruhusu. Watu wote walisogea mbele kusikia, hata wale wanaokuja tu kukaa kivulini.

Sauti ni yako. Umevaa ile leso ya kijani niliyokununulia. Unasema, "Mimi ndiye Makandi. Kuna mwingine ameketi kortini huko Embu, lakini jina alilobeba ni langu. Mkinipa mimi mmempa yeye. Makandi amekula, Makandi ameshiba." Kisha vicheko na vigelegele, na mzee Riungu anakukabidhi kamba. Mwisho wa kamba kuna mtamba mwekundu mwenye paji jeupe.

Uliniandikia Februari kwamba ng'ombe sasa ni wawili. Mimi nimesomea kuuliza maswali, na hilo sikuliuliza. Nilifurahi tu kwamba mtapata maziwa.

Mama Wanjira hakuitazama simu. Alinitazama mimi, kisha akarudia kwa Kimbeere lile swali lake la Februari. Karani hakuona haja ya kulitafsiri.

Nilijiondoa papo hapo. Kesi itaanza upya mbele ya hakimu mwingine, na tarehe ya karibu waliyoipata ni Oktoba. Malalamiko dhidi yangu yamepelekwa Nairobi, kwa wanaosimamia mahakimu. Yanasema hakimu Makandi alikula kwa mshtakiwa, kisha akawaambia watu hakuna kitu. Aliyeyaandika ametumia jina hilo moja tu, na siwezi kusema amekosea jina.

Barua hii haina ombi. Nikikuomba useme, utakuwa shahidi niliyemtuma. Nikikuomba unyamaze, nitakuwa kweli yule wanayemwandika. Hata kukuambia nitafurahi ukifanya hivi au vile siwezi. Usinijibu mpaka yaishe.

C. Makandi


Embu
Alhamisi, 3 Julai 2025

Kwa Tata,

Nakusalimu. Nimepata majibu ya Nairobi. Malalamiko yamefungwa, kwa sababu kuna shahidi aliyejitokeza mwenyewe bila kuitwa na mtu. Wamenipa onyo la maandishi: kwamba nilisema "ni hilo tu" kwa watu wanaotegemea neno langu, kabla sijahakikisha. Onyo ni la haki na nimelikubali.

Maneno ya shahidi sikuyasoma. Sasa unaweza kuniandikia.

Makandi


Mitunguu
Jumanne, 8 Julai 2025
Asubuhi: ukungu mzito, baridi, jua halijaonekana, majani ya ndizi yanadondosha maji kana kwamba mvua ilinyesha.

Kwa Makandi,

Sijaandika "jina langu" hapo juu. Nilianza kuliandika nikasimama.

Nakusalimu. Sisi ni wazima. Baba yako amevaa sweta bila kuambiwa, kwa hiyo ujue baridi ni ya kweli. Aliisikia ile habari kutoka kwa watu kabla sijamwambia mimi. Alikuja hapa, akaketi, akanywa chai yote, akaondoka bila kusema neno. Wiki iliyofuata akaja tena, na safari hii akazungumza juu ya maharagwe.

Nitakuandikia mambo ya katikati sasa, kwa utaratibu.

Ile siku ya Januari tulipomaliza kula, Riungu alinileta mbele ya watu. Aliponipa kamba alisema, "Huyu ni wa Makandi." Hakusema Makandi yupi. Mimi sikuuliza. Kwetu mtu akimpa zawadi anayebeba jina lako, unashukuru kana kwamba umepewa wewe, na kila aliyekuwa pale alijua hivyo. Riungu alijua, ndiyo maana alichagua maneno yale. Na mimi nilijua kwamba anajua. Ningeweza kusema, "Asante, huyu ni wa mama Kajuju." Ilikuwa rahisi hivyo. Badala yake niliona watu wote wananitazama, nikahisi kana kwamba mimi ndiye niliyekwenda chuo kikuu, mimi ndiye ambaye watu kortini husimama nikiingia. Maneno yalinitoka yenyewe na yalikuwa matamu. Kwenye shajara siku hiyo niliandika jua, upepo kidogo, na kwamba nililala saa tatu. Ndiyo hayo tu. Nilipokuandikia Machi kwamba ni hilo tu, mtamba alikuwa anafunguliwa na Kajuju hapo nje. Nilimwona dirishani huku naandika.

Barua yako ya Mei ilipofika, Riungu naye alifika. Alikuwa ameisikia habari ya kortini. Hakuketi. Alisema, "Mama Kajuju, si ulikuwa unatania? Hata waliokuwepo walicheka. Andika kwamba ulitania, jambo liishe. Na harusi iko karibu."

Nilimwambia nitafikiria. Nilifikiria siku nyingi, Makandi, usidhani nilikimbia kutenda mema. Kila asubuhi nilijiambia kwamba kusema nilitania si uongo mkubwa, maana vicheko vilikuwepo. Ungepona wewe, ningepona mimi, na Kajuju angeolewa. Ila yule mjane angekuwa ndiye mtu asiyeelewa mzaha.

Aliyenimaliza ni Kajuju. Nilimweleza yote tukiwa zizini. Alimaliza kukama, akaweka ndoo chini, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ndiye risiti?"

"Risiti ya nini?"

"Ya ng'ombe. Alitoa mtamba apate hakimu, na mimi nikawekwa juu ionekane kama harusi."

Nikasema Kobia anampenda. Akasema, "Hilo nitamwuliza mwenyewe. Wewe nimekuuliza lingine." Kisha akamfungua yule mtamba akamrudisha kwa Riungu yeye mwenyewe, akipita barabarani mchana watu wakiona. Nilibaki nimesimama na ndoo. Kobia bado humpigia simu, naye hutoka nje kuipokea. Agosti haitajwi tena hapa nyumbani, na kamati ya baba yako haikutani.

Baada ya hapo nilitafuta mahali pa kupeleka maneno yangu. Sikukuuliza wewe, nilimwuliza mchungaji, naye akauliza kwingine. Nikaambiwa kuna afisa atakayekuja Embu kuandika maelezo ya wanaohusika. Nikaenda bila kualikwa. Nilipita karibu sana na kwako nikageuza uso, nikiogopa ungenisalimu na mtu akaona.

Nje ya ofisi kulikuwa na benchi. Mama mmoja alikuwa ameketi, mwembamba, viatu vyake vina udongo mwekundu. Alinisogezea nafasi. Tukasalimiana, mimi kwa Kimeru, yeye kwa Kimbeere, tukaelewana. Aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Mitunguu. Akasema, "Umetoka mbali. Hawa watu wanachelewa." Akafungua kitambaa chake, akatoa hindi la kuchemsha, akalivunja, akanipa nusu. "Kula, mama."

Nilijua ni nani. Nilijua tangu nilipoviona viatu.

Nikamwambia, "Asante, nimeshiba."

Nililisikia neno hilo likitoka, Makandi. Lilikuwa neno lile lile. Yeye hakulitambua kwa sababu sikulisema kwa sauti ya sherehe. Aliirudisha ile nusu kwenye kitambaa taratibu, kama mtu anayeweka akiba, akaendelea kula yake.

Wakaniita mimi kwanza. Mlango haukufungwa. Ni kijana, yule afisa, mwenye adabu, alinisaidia kuvuta kiti. Akaniuliza jina. Nikasema, "Makandi."

Akaangalia karatasi zake, akaniangalia. "Makandi yupi?"

Nyuma yangu nilisikia kitambaa kikikunjwa.

Nikasema, "Yule aliyekula."

Akaandika. Nikamweleza mengine yote, la kamba, la jina, la barua yangu ya Machi. Aliuliza kama nilikuwa natania. Nikasema watu walicheka lakini mimi nilimaanisha. Akaniuliza kama wewe ulijua. Nikasema ulijua tu kwamba ng'ombe ni wawili.

Nilipotoka, Mama Wanjira alikuwa amesimama. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alisema, "Yule msichana nilimwamini. Ningeweza kumkataa siku ile ya kwanza, nikasema aendelee." Akaongeza, "Mvua ya Oktoba ikianza, njoo Kiambere. Nitakuonyesha mto ulipofika." Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Nitakwenda. Sijui nitafanya nini nikifika, maana ukingo haurudishwi kwa kuutazama. Lakini amenialika, na safari hii najua ni Makandi gani anayeitwa.

Sikuombi unisamehe. Hilo nalo lingekuwa ombi, na wewe umesumbuliwa vya kutosha na maombi ya watu wa kwetu. Ile kamba ya kuanikia nguo, Kajuju ameinunua mwenyewe.

Barua hii nimeiacha wazi mezani mpaka Jumatano asubuhi ili niijaze sehemu ya mwisho kama kawaida. Ukungu ni ule ule. Nililala saa tisa.

Celina